Kompyuta Haina Shikamoo

Wanangu, wajukuu zangu, na nyinyi wengine ambao hatujuani lakini mna oili nyeusi kwenye kucha kama niliyokuwa nayo mimi: injini ya kwanza isiyo na pistoni niliyoifungua maishani ilinitoa nje ya gereji, nikaenda kukaa juu ya tairi. Nilishika kichwa. Nilikuwa fundi mzima, nina mke, nina watoto, nina jina Unguja nzima, na ndani ya injini ile sikukuta hata kitu kimoja ninachokijua.

Gari ilikuwa ya rafiki yangu Sefu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu aliyefanya kazi ya mashine melini miaka mingi. Siku moja akarudi na kigari cha Kijapani cha milango miwili, cha zamani hata siku ile alipokuja nacho. Alikuwa ameshakichokorachokora mwenyewe na kukipachika tabo, ile inayoisukumia injini hewa kwa nguvu. Akakiegesha chini ya ghorofa lao Michenzani, akakifunika turubali, na kila asubuhi alitoka kukitazama kabla hajatazama kama maji yamekuja.

"Vyengine viko wapi?" nilimuuliza, nikinyooshea injini iliyo wazi.

"Vipi vyengine?"

"Pistoni. Valvu. Vitu vya injini!"

"Ndio hivyo hivyo, Makame. Hamna vyengine."

Ndani mlikuwa na tumbo la chuma lililobinywa katikati, na mle ndani pembe tatu nene inayozunguka. Basi. Ziko pembe tatu mbili, moja mbele na moja nyuma, wenyewe wanaziita rota. Kwenye kila ncha ya rota kuna kibao chembamba cha chuma kinachokwangua ukuta wa tumbo ili moto usipenye. Sisi gerejini tulivipa jina la nyembe. Wembe mmoja ukivunjika, injini imekwisha, na vipande vyake vinamaliza kilichobaki. Sefu alikuwa na seti moja tu, aliyoipata bandarini huko huko Japani, na ndiyo hiyo iliyokuwa ndani. Akiba hakuwa nayo.

Na alikuwa na ahadi. Dada yake aliyeko Tumbatu, Bi Kazija, ndiye mtu wa kwanza kupakiwa gari ile, na kwa miaka yote iliyokuwa chini ya turubali alikuwa akimcheka kwamba amenunua banda la kuku. Sefu alimwapia kuwa kabla mmoja wao hajafa atakwenda kumchukua bandarini Mkokotoni amzungushe tena. Bi Kazija wakati huo alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Kwa hiyo hayakuwa mambo ya mchezo.

Injini ile ina tabia ya kunywa oili kwa makusudi. Imeumbwa hivyo, oili kidogo inakwenda kulainisha nyembe na kuungua pamoja na petroli. Fundi asiyejua akiuona moshi wa bluu husema injini imekufa. Fundi huyo nilikuwa mimi. Nilikiziba kijibomba cha oili, nikajipongeza, nikaagiza chai.

Aliyeniokoa ni Mwatima. Huyu ndiye fundi umeme wa gereji yetu ya Mtoni, mtu mzima mwenye watoto wake, tumefanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini. Kwao ni Mkokotoni, baba yake alikuwa na mashine za boti, zile ambazo oili unaimimina ndani ya petroli kabisa. Alinusa ekzosi mara moja tu, akaningoja nimalize chai, akaniita nyuma ya gereji ambako hakuna mtu.

"Ami, hii ndugu yake mashine ya boti," alinambia. "Ina kiu. Tuifungulie oili yake, na kwenye tangi tuitilie kidogo kama wafanyavyo kwetu."

Hakunikosoa mbele za watu. Nilimwona mtu mwenye adabu, na kweli ni mwenye adabu. Adabu hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kutugharimu, kama mtakavyoona.

Mimi nilifundishwa kazi Malindi, hii ya mjini kwetu Unguja, na Fundi Rajabu, Mungu amrehemu, mtu mfupi, mkali, kila wakati kitambaa begani na anajua kukitumia. Ukikosea hakusemi, unasikia tu kitambaa mgongoni. Somo lake la kwanza halikuwa spana. Alinipa bisibisi ndefu, akanambia niweke ncha juu ya injini na mpini kwenye mfupa wa sikio, nimwambie nini kinaniumiza. Nikamwambia hakiniumizi kitu. Kitambaa. "Injini inaumwa, we unasema haikuumizi?" Nilikaa miezi na bisibisi sikioni mpaka nikaweza kukwambia beringi gani inalalamika na valvu ipi imelegea. Taimingi, yaani ile nukta plagi inapopiga moto, nilifunga kwa sikio. Unazungusha distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, polepole, injini inaanza kuimba, ikifika tamu unaongeza unywele mmoja, unakaza. Hamna mita, hamna taa. Wenye magari walitoka mashamba kuja kumtafuta Makame mwenye sikio.

Nilijivuna, siwafichi. Wateja walinipenda hata wakawa na mtindo: nikishawatengenezea asubuhi, jioni wengine hurudi. Nami alasiri huwa nimeshakwenda msikitini na kutoka huko nyumbani. Asubuhi ya pili Mwatima hunambia, "Ami, fulani alipita jana, anakusalimu." Nikafurahi sana. Nikasema, tazama watu wanavyoshukuru, mtu anafunga safari mpaka Mtoni kuja kutoa salamu tu!

Kitu kimoja kilichokuwa kikinikera miaka ile ni watu kusema kwa kunong'ona. Vijana wamekuwa hawafungui midomo. Simu zinazotengenezwa siku hizi hazina sauti. Mke wangu akawa anasema nageuza nyumba kuwa mnada kwa televisheni, na kwamba ananiita mara nne ndipo niitike naam. Nikamwambia aite kama mtu, asiite kama anayeota. Akanijibu kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Hilo nililisikia vizuri na tukagombana.

Sasa ndio nije kwenye kompyuta. Sefu alikuja gerejini na boksi dogo lililotoka ng'ambo. Ndani mna kisanduku cha chuma kama kopo la biskuti, na waya rundo. Akasema anataka tutoe kabureta, tutoe distribyuta, kisanduku hiki kiongoze petroli na moto, na kwamba kinakuja kitupu, kinangoja sisi tukipangie kila kitu kwa laptopu.

Nilishtuka na nikatukanika. Kabureta zile nilikuwa nimezipanga mimi.

"Kwani gari ina nini?" nilimuuliza.

"Haina kitu."

"Sasa ya nini hii?"

Akaninyooshea uso. "Nnataka uwe na kitu cha kutazama, Makame."

Nikacheka. Nikamwambia injini haitazamwi, inasikilizwa. Yeye hakucheka.

Kufunga tulifunga wiki tatu, na hapa vijana mfungue macho, kwa sababu karibu kila kompyuta inayoletwa imekufa haijafa. Ni waya tu. Kisiwani kwetu hewa ina chumvi. Waya wa athi, huu unaofungwa kwenye bodi ya gari, ukiufunga juu ya rangi au juu ya kutu, kompyuta inaona mazimwi. Mwatima alikwangua bodi mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi. Kila kiungio alikibana, akakivuta kwa nguvu, halafu ndipo akakivika mpira. Waya za sensa, vile vidude vinavyoipa kompyuta habari za injini, akaziweka mbali na waya za plagi, maana umeme wa plagi unapiga kelele na sensa inadhani imeitwa. Rota moja ina plagi mbili, moja inatangulia kuwasha na ya pili inafuata. Ukizibadilisha waya zake injini itawaka, itakudanganya inakwenda, na huko ndani inaungua. Alizifunga utepe wa rangi, nyekundu na nyeupe. Mimi nilishika tochi na kutoa amri zisizo na kazi.

Mbele ya injini tuliweka gurudumu la meno, na sensa inayoyahesabu. Kompyuta inajua rota iko wapi kwa kuhesabu meno hayo, lakini haijui jino la kwanza umelifunga wapi. Lazima uiambie. Unaifungia taimingi mahali pamoja, unamulika puli ya mkanda kwa taa ya taimingi inayowaka na kuzima kila plagi inapopiga, unatazama alama, na namba ya kwenye laptopu unaisogeza mpaka alama ya kwenye puli na ya kwenye kompyuta ziseme neno moja. Mwatima alifanya hivyo Ijumaa, akarudia mara tatu, akaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo.

Jumamosi asubuhi Sefu akaja. Majirani wakaja, mafundi wa gereji nyengine wakaja, maana habari ya injini isiyo na pistoni inayoendeshwa na laptopu ilikuwa imeshafika mpaka Bububu. Mwatima akawasha. Ikashika mara moja. Watu wakapiga makofi.

Mimi nikaweka bisibisi sikioni. Ah. Haikuwa tamu. Ilikuwa nzito, imeziba, kama mtu mwenye mafua.

"Ongeza," nikasema.

Mwatima akainua uso kwenye laptopu. "Ami, taa inasema hapa ndipo."

"Taa inajua nini? Ongeza mbili."

Akanitazama, akawatazama watu. Akaipeleka taimingi mbele digrii mbili.

"Ongeza."

Akaongeza. Nikamwona anamtazama Sefu, na Sefu anatazama chini. Nikasema ongeza tena, na tena, mpaka ukaja ule mtetemeko ninaoupenda unaopanda kwenye mpini. "Hapo! Sasa inaimba." Watu wakacheka kwa furaha, mmoja akasema kompyuta imeshindwa na mzee. Nilivimba kichwa, wallahi.

Nikaingia kwenye usukani. Mwatima kando yangu na laptopu mapajani, Sefu nyuma amejikunja. Tukashika barabara ya Bububu. Gari ilikwenda vizuri, na tulipoyapita yale magofu ya kasri njia ikawa nyeupe, nikakandamiza. Tabo ikashika, migongo yetu ikaingia kwenye viti. Nikawa nacheka. Sijawahi kusikia injini laini kama ile.

Nikapigwa kofi la bega. Kofi kweli, la mkono wa melini. Nikageuka nikamwona Sefu mdomo wazi, mishipa imemtoka shingoni, na Mwatima ameushika mkono wangu. Nikaondoa mguu, na gari ikaanza kutetemeka, pu, pu, pu, rota moja inafanya kazi na ya pili imekufa. Nikaegesha pembeni. Injini ikazimika yenyewe.

"Kuna nini?" nikauliza.

Mwatima alikuwa ameinamia laptopu.

"Mwatima! Kuna nini? Mbona hukunambia?"

"Nlikuita, Ami," alisema. Alikuwa analia. "Nlikuita wacha, wacha, mara tatu. Babu Sefu kaita."

"Muongo! Ungepiga kelele ningesikia."

Akaigeuza laptopu. Kompyuta zile zinaandika kila kitu, kila nukta. Palikuwa na mstari mwekundu wa ile sensa inayosikiliza kama injini inagonga, yaani moto unalipuka kabla ya wakati wake. Mstari umelala, umelala, halafu umesimama wima. Akaweka kidole pale uliposimama, akakiburura mpaka pale nilipoondoa mguu.

"Sekunde kumi na moja," alisema. "Kokoto ndani ya kopo. Hukusikia?"

Mimi nilisikia injini laini. Niliwaambia hivyo. Nikasema ilikuwa ikiimba. Mwatima akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula nasita na tonge: "Ami, haikuwa ikiimba tokea asubuhi. Ilikuwa ikilia."

Nikamgeukia Sefu. Nilitaka aniunge mkono, ni rafiki yangu tangu hatujaoa.

"Makame," alisema taratibu, na sasa naijua sababu ya kuninyooshea uso kila anaponisemesha, "gari ilikuwa ikenda na kabureta zake. We unadhani kompyuta hii nliinunua kwa ajili ya gari?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa yote kwa pamoja, subhanallah, kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Kitu cha kutazama. Wateja wanaorudi jioni. Mke wangu na naam zake. Nikamuuliza Mwatima, wale watu wa salamu, walikuwa wakirudi kufanya nini? Hakutaka kusema. Nikamlazimisha. Akasema walikuwa wakirudi ili awafungie taimingi upya, nikishakwenda kusali.

"Tokea lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Miaka sita! Gereji nzima ilijua. Wateja walijua, na walikuwa tayari kupanga foleni mara mbili ili Makame asivunjike moyo. Sefu alijua, akatafuta mashine ng'ambo ili inishike mkono bila mimi kujua nashikwa. Wote walinistahi, na mimi ndani ya stahi ile nikazidi kuwa mjinga, nikazidi kuamuru. Kompyuta peke yake haikunistahi. Kompyuta haina shikamoo. Iliandika sekunde kumi na moja, ikanionesha. Na hata hiyo sikuitazama mpaka nilipokuwa nimeshachelewa.

Tuliifungua siku ya pili. Nyembe mbili zimevunjika, ukuta wa tumbo umechimbika kwa urefu wa kidole. Sefu alisimama mlangoni akatazama, akasema alhamdulillahi hakuna aliyeumia, akenda zake. Angenitukana ningepumua.

Hospitali walinivisha vidude vya masikioni wakanambia ninyanyue mkono nikisikia mlio. Nikangoja. Nikangoja. Nikamwambia yule nesi, binti yangu, mashine yako mbovu, iitie fundi. Akanambia kwa kuniandikia kwenye karatasi kwamba milio ishapita yote. Sikio la kushoto hakuna kitu, la kulia nasikia ngurumo tu, sauti nyembamba zote zimekwenda. Nyundo, tabo, ekzosi bila ya kizuizi, miaka arubaini. Nami kitu chembamba ndicho kinachoniambia injini inagonga. Tangu siku hiyo nimestaafu.

Watu huniuliza kama nilimkasirikia Mwatima. Nilikasirika, ndio, lakini kuna jambo lililonichukua muda kuliona. Ile ya oili alinambia. Alinipeleka nyuma ya gereji akanambia, na nikamsikiliza. Kwa nini basi hii ya sikio hakunambia? Nilimuuliza mwenyewe. Akasema oili ilikuwa aibu ya gari, na sikio ni aibu ya mtu, na mimi si mtu wa kuambiwa. Ndivyo nilivyokuwa. Kitambaa cha Fundi Rajabu nilikirithi pamoja na bisibisi yake.

Kwa hiyo nyinyi vijana, mkiwa na mkubwa wenu wa kazi na mnamwona anapotea, msimfunike. Mpelekeni nyuma ya gereji mkamwambie. Atanuna, atawafukuza, kesho atarudi. Na kabla hamjaipeleka gari barabarani, upangeni ule ulinzi wa kompyuta unaokata petroli injini ikigonga. Mwatima alitaka kuupanga Jumamosi ile asubuhi. Mimi nikasema watu wanangoja.

Nyembe na tumbo jipya zilichukua miezi minane kupatikana. Mwatima alizitafuta mwenyewe kwa simu, kwa mafundi wa nchi asizozijua, wanatumiana picha. Akaiunga injini, akaipanga, taa mkononi, namba moja baada ya nyengine. Mimi nilikaa juu ya tairi langu. Siku ilipowaka niliweka kiganja juu ya boneti, nikauhisi mtetemeko unapita mpaka kiwikoni. Hicho bado ninacho.

Tukaenda Mkokotoni, Sefu kwenye usukani, Mwatima kando yake, mimi nyuma na vikapu. Bi Kazija alivushwa kutoka Tumbatu, akapandishwa mpaka sokoni kwa kushikwa huku na huku. Akaizunguka gari, akaipapasa taa kama anampapasa mtoto kichwa. Halafu akanigeukia akasema jambo, midomo ikacheza, na uso wake ukangoja.

Nikatikisa kichwa na kutabasamu. Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka sita, mtu akisema nami natabasamu natikisa kichwa, ndio, ndio. Nilishaanza kugeuka. Nikasimama.

"Sikusikia, dada yangu," nikasema. "Mimi sisikii. Sema tena."

Nilisema kwa sauti kubwa, soko zima likageuka. Bi Kazija akanisogelea, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia.

"Nnauliza, wewe ndiye fundi wake?"

"Hasha," nikamjibu. "Fundi yule pale." Nikamwonesha Mwatima, aliyekuwa ameinama ndani ya boneti akikaza waya wa athi.